Mayai Ambayo Mama Yako Hakuyala

Kisoko, Ijumaa alasiri

Athieno mwanangu,

Umekwenda Kiyeyi kumuaga shangazi yako, na shangazi yako namjua, hamwachii mtu kabla hajamlisha mara mbili. Kwa hiyo nina muda mpaka jua lishuke. Nimeketi nje ya jiko, ubao wa kukatia nyama uko magotini na karatasi juu yake. Ukisikia harufu ya kitunguu ndani ya barua hii usishangae.

Kesho watu wa Barasa wanakuja kukuchukua. Utavuka mpaka, na Jumapili utaamkia Busia upande wa Kenya, katika chumba cha kupanga nyuma ya maduka, mke wa karani wa ghala la pamba. Mshahara wa karani naijua tabia yake. Wiki ya kwanza mnacheka nao, wiki ya tatu mnatazamana tu. Na huko hakuna shamba nyuma ya nyumba, hata jani la kunde ni la kununua.

Ya kuwasha moto, kusugua sufuria na kuwaamkia wakwe, mama yako amekwisha kukuambia, tena nimemsikia akirudia mpaka ukaanza kupiga miayo. Sitayagusa. Wala sikuandikii kukufundisha kupika, ingawa miaka ishirini nimekula mshahara wa upishi. Nakuandikia habari ya ugonjwa wako wa utotoni. Habari hiyo husimuliwa hapa nyumbani kwa uongo, na uongo huo ni wangu.

Unajua inavyosimuliwa. Kwamba ulipokuwa na miaka miwili ulivimba ukakaribia kufa, kwa sababu mama yako alishika mimba ya Okoth, mdogo wako, wewe ungali unanyonya. Nyanya yako ndiye msimuliaji, na hana haraka. Akifika hapo kwenye mimba, mama yako huinuka kwenda kuangalia moto. Wewe ni mdadisi, umenirithi mimi. Umewahi kujiuliza kwa nini moto ule lazima uangaliwe kila hadithi ikifika pale pale? Mimi nilijua kwa nini, na miaka yote hiyo nilibaki nimekaa.

Basi sikiliza ilivyokuwa.

Nilimwoa mama yako nikitoka jeshini, ambako nilikuwa napikia askari. Yeye Msamia wa Masafu, mimi mtu wa Padhola, na siku tulipokutana sokoni hapakuwa na aliyejua lugha ya mwenzake. Kiswahili changu kilikuwa cha kugombeza masufuria, chake cha kupunguza bei ya samaki. Tukaelewana hivyo hivyo. Ndiyo maana hata leo nikitaka kusema jambo la ndani, linanijia kwa Kiswahili.

Nikapata kazi Tororo kwa Mzungu mmoja, injinia wa barabara, aliyekuwa na mke, ndiye Memsahib, na mtoto wa kike wa rika lako. Sisi watatu tulikaa nyuma ya bustani katika nyumba ya watumishi, chumba kimoja na jiko la nje. Mshahara ulikuwa mdogo, lakini kila baada ya wiki mbili nyanya yako alituletea kikapu kutoka huku Kisoko. Wimbi, simsim, karanga, kunde, na yale majani ya kunde yaliyokaushwa tunayoyaita bo. Mama yako naye alifuga kuku watatu nyuma ya chumba, nao walitaga vizuri sana.

Na mimi, bwana mpishi, mtu wa aproni nyeupe, kikapu kile kilinitia haya. Bo ikichemka harufu yake ilifika mpaka barazani kwa Memsahib. Watumishi wa nyumba za jirani walinitania kwamba nyumbani kwangu kunanuka Kisoko. Halafu kila siku nilikuwa namwona mtoto wa Memsahib. Miguu imekaza, anakimbia asubuhi hadi jioni bila kuchoka, akianguka anainuka. Nikajiuliza, huyu anakula nini?

Swali lilikuwa zuri, Athieno. Hata leo silijutii. Nilichokosea ni mahali pa kutazama. Nilitazama juu ya meza, nikaona mkate mweupe, jamu, chai, na bakuli la sukari lenye kijiko chake cha fedha. Sikutazama ndani ya sufuria zangu mwenyewe. Maini niliyokuwa nakaanga Jumanne na Alhamisi, mchuzi wa mifupa, njegere, maziwa, kastadi ya mayai, vyote vilipita mikononi mwangu na sikuviona. Kitu ukikishika kila siku unaacha kukiona.

Na mayai ndiyo kabisa. Kwetu Padhola, na kwa kina mama yako Usamia vilevile, kuku na yai ni vya wanaume. Mwanamke hali, na msichana anafundishwa mapema kutokula. Mwanamke akila yai wanasema ana tamaa, ameshindwa kungoja kifaranga. Kwa hiyo haikunipitia akilini hata mara moja kwamba yai linaweza kuwa chakula chako. Mayai ya kuku wa mama yako nilimuuzia Memsahib, nikayavunja mwenyewe jikoni, nikayapika kwa maziwa na sukari, nikampelekea mtoto wake. Kisha jioni nilirudi chumbani na kingo za mkate alizozikataa, nikakupa wewe.

Halafu nikaongeza kosa. Nilimwambia mama yako kikapu cha Kisoko akiuze sokoni, wimbi na karanga na kunde na yote, tununue unga mweupe wa posho, mkate, majani ya chai na sukari. Nilimwambia, sasa tutakula kama watu. Alinibishia siku moja, akasema chakula cha dukani kinaisha upesi na hakikai tumboni. Nikamjibu kwamba kati yetu wawili mpishi ni mimi. Sijui kama aliwahi kulisahau neno hilo, mimi sijalisahau.

Ukaanza kujaa. Mashavu yakawa mviringo, miguu ikawa minene, nami nikakubeba nikikutembeza kwa watumishi wenzangu. Kisha nywele zako zikaanza kubadilika, zikawa laini na nyekundu nyekundu kama maganda ya kitunguu. Hapa ndipo ninapotamani kuficha uso, mwanangu, lakini nimeahidi kukuambia. Nilifurahi. Mtoto wa Memsahib alikuwa na nywele za rangi hiyo hiyo. Nikawaambia wenzangu, tazameni, chakula kimeanza kushika. Wakaja wakakutazama, na mmoja akaniuliza mkate naununua duka gani.

Ni mama yako aliyeona kwamba umeacha kucheza. Ulikuwa unakaa mlangoni tangu asubuhi, huchokozi kuku, hulii sana, hutaki kuguswa. Siku hiyo nilikuwa nakanda mkate jikoni kwa Bwana, akaja amekubeba, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, maana hakuruhusiwa kufika kule.

"Baba Athieno," akasema, "huyu mtoto hajanona. Bonyeza mguu wake."

Katika kazi yangu, ukitaka kujua kama donge la mkate limeumuka unalibonyeza kwa kidole. Shimo likibaki, donge liko tayari kuingia tanurini. Nikabonyeza mguu wako kwa kidole chenye unga, shimo likabaki. Nikalitazama lile shimo, nikatazama donge langu mezani. Nilishikwa na hofu ambayo hata jeshini sikuipata.

Niliazima baiskeli ya mtunza bustani. Mama yako akakaa nyuma na mimba yake ya miezi mitano, wewe mgongoni kwake, tukaenda Masafu, kwao. Pale palikuwa na mganga msaidizi mmoja wa zahanati, mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliyesifika kwa watoto. Alikubonyeza miguu, akavuta nywele zako kidogo, zikatoka bila wewe kulia. Akaniuliza unakula nini.

Utacheka, lakini hata wakati ule nilijibu kwa fahari. Nikataja mkate, chai ya sukari, posho nyeupe. Nikaongeza kwamba mimi ni mpishi wa Wazungu. Akaandika, akauliza kama tuna shamba. Nikasema chakula cha nyumbani kinakuja ila tunakiuza. Akauliza kama tuna kuku. Nikasema tunao watatu, wanataga vizuri.

"Na mayai anakula nani?"

Mama yako ndiye aliyejibu, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu aliyeulizwa njia ya kisimani.

"Mtoto wa Memsahib."

Yule mganga akavua miwani. Hakunigombeza, na ningeshukuru angenigombeza. Akanieleza kwamba ulikuwa umeshiba lakini mwili wako haukupata cha kujijengea. Unahitaji yai, kunde, karanga, dagaa, na maziwa, hata yale yaliyoenguliwa malai, mafuta ya juu, yana nguvu vilevile. Nikamuuliza maswali mengi, wewe unanijua. Nilimuuliza pia habari ya mimba, kama ndiyo iliyokuharibu. Akasema kweli uliachishwa ziwa mapema, lakini mtoto aliyeachishwa ziwa akapewa kunde na yai havimbi hivi. Nilimuuliza mara mbili, akanijibu mara mbili. Kwa hiyo usije ukadhani sikuelewa.

Hayo ya malai yalinichoma kwa namna yake. Kila asubuhi kwa Bwana nilikuwa naengua malai ya kutengenezea siagi, na maziwa yanayobaki nilimmiminia mbwa.

Siku ya tatu nyanya yako akafika Masafu kutoka Kisoko, pamoja na baba zako wadogo wawili. Kwa mila ilibidi sababu isemwe mbele ya pande zote mbili, maana mtoto alikuwa anakufa. Wakaketi uani. Nyanya yako akasema anachokijua tangu kwa mama yake, kwamba mwanamke akishika mimba mapema kwa tamaa anamnyima anayenyonya, na mtoto anavimba. Kila mtu akalitazama tumbo la mama yako. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, maneno yakiwa kinywani tayari. Si mimba, ni mkate wangu. Nikayameza.

Miaka yote hii nimejiuliza kwa nini. Nilikuwa kijana, ndiyo. Nilikuwa mbele ya wakwe. Lakini hasa niliona haya kwamba mpishi anayelisha Wazungu ameshindwa kumlisha mwanawe. Ilikuwa rahisi zaidi kosa liwe la mwili wa mwanamke, ambako hakuna anayeuliza sana. Mama yako alinitazama mara moja. Kisha akainuka kwenda kuangalia moto.

Alikupa yai siku hiyo hiyo. Mama yake mzazi alitoka jikoni asione. Alilisaga kwa kidole, ukalitema, akaliokota, akakupa tena. Sikuwa na la kusaidia, nilishika kikombe tu. Ukabambuka ngozi kama mtu aliyeungua, ukapungua ukabaki kama fimbo, na hapo ndipo tukaona jinsi ulivyokuwa umekonda chini ya maji yale yaliyokuvimbisha. Asubuhi moja, baada ya wiki nyingi, ulitoka nje kwa miguu yako ukamfukuza kuku. Mama yako aliketi chini palepale akalia, na mimi nikaenda nyuma ya nyumba nikalia yangu.

Tuliporudi Tororo nilimwendea Memsahib nikamwomba maziwa ya mbwa. Nilisema hivyo hivyo, sikujua namna nyingine ya kusema. Akanitazama, nadhani alifikiri nimeanza kunywa. Lakini alinipa, na mbwa akapewa makoko ya ugali, na mpaka leo nasikia kana kwamba nina deni kwa mbwa yule.

Kuanzia hapo ndipo raha yangu ya kuuliza ilipopata kazi ya maana. Kikapu cha Kisoko hakikuuzwa tena, lakini kikapu hakitoshi wiki mbili, na mshahara ulikuwa ule ule. Nikataka kujua, kwa pesa ile ile inayonunua mkate mmoja, ni kitu gani kitakachomfikisha mtoto mchana bila kulia? Basi nikaanza kukujaribu wewe, nisamehe. Siku moja unapewa mkate na chai, siku ya pili uji wa wimbi wenye karanga za kusaga, siku ya tatu kiazi kitamu cha jana na maziwa ya mbwa. Nami nachungulia kwenye dirisha la jikoni kwa Bwana kuona utaanza kulia saa ngapi. Siku ya mkate ulilia kabla sijamaliza kuosha vyombo vya asubuhi. Siku ya uji wenye karanga nilikusahau kabisa, nikaja kukukuta umelala na mchanga kinywani, umeshiba. Mama yako alicheka, akaniambia angeweza kunijibu swali hilo bila dirisha.

Sokoni wanawake walinizoea. Mwanamume anayeuliza bei ya bo ni kichekesho, na ukiwa kichekesho watu wanakufundisha bure. Mmoja alinionyesha dagaa wa chini ya gunia, wale waliovunjika mpaka wanafanana na vumbi, ambao jioni huwa wanakung'utwa na kuuzwa kwa bei ya kutupa. Ukiwapepeta mchanga ukawasaga ukawatia kwenye mboga, hakuna mtoto atakayetoa mwiba, na hakuna chembe ya samaki inayopotea. Mwingine alinicheka kwa kumenya viazi, akisema natupa nusu ya chakula pamoja na maganda. Na mtunza bustani wa Bwana, yule wa baiskeli, kila Jumatatu alikuwa aking'oa dodo iliyojiotea kati ya maua na kuichoma moto. Mchicha mzuri kabisa, mwanangu, mkubwa kama sahani. Mama yako akamwambia asichome tena. Kuanzia hapo mboga ya nusu wiki ilitoka kwenye maua ya Memsahib, naye alimsifu mtunza bustani kwamba siku hizi bustani yake ni safi.

Nakuambia haya si kwamba huko Busia ukafuate dodo kwenye maua ya watu. Masoko hayafanani, na upande ule wana dagaa wabichi wengi kutoka ziwani kuliko sisi. Nataka tu ujue kwamba nilipoanza kutazama vitu vilivyokuwa chini, vya kukung'utwa na kung'olewa, nilipata kazi ya kufurahisha kuliko kastadi zote. Sokoni uliza tu. Uliza wanawake wenye watoto wanaokimbia. Mkate na sukari utaviona vimepangwa mbele, kwenye kioo, na Barasa atakuwa na wenzake makarani watakaokuja Jumapili na kutazama mezani kwako. Mimi ndiye niliyekuwa mtazamaji wa namna hiyo, kwa hiyo nawajua. Wape chai yao wanywe waende.

Lakini lililonifanya nishike kalamu si hilo.

Umeona jinsi ulivyolelewa. Mayai ya nyumba hii mmekula sawa, wewe na Okoth na wadogo zenu, na nyanya yako alipogeuza uso mama yako aliendelea kumenya. Majirani wakasema, wakachoka. Lakini yeye mwenyewe, umewahi kumwona akila? Mimi sijamwona. Ana mimba, hali. Amejifungua, amekauka, hali. Lililobaki kwenye sahani anampa paka. Nimemuuliza mara nyingi maana jambo hilo lilinisumbua kichwa. Mtu aliyeona kwa macho yake yai likimtoa mtoto kaburini, atalikataaje? Alikuwa akinijibu kwamba hajazoea, au harufu haimpendezi, au nimwache apumzike na maswali yangu.

Jumatatu iliyopita tulikuwa tunapanga vyombo vyako. Nikasema, kwa utani tu, kwamba wakwe zako ni Wasamia wa mila na huenda mama mkwe akakukataza mayai, hasa ukishika mimba. Mama yako akaweka sufuria chini. Akasema hicho ndicho kinachomnyima raha juu ya safari yako. Utakapokatazwa utakubali, kwa sababu umemwona yeye miaka yote akikubali. Nikamwambia basi angekula, ungeona. Ndipo akanijibu, na hakuinua sauti.

"Walisema nilikuharibia mtoto kwa tamaa. Ningekula na yai, wangesema mnaona? Nilikuwa na kosa moja begani ambalo si langu. La pili sikulitaka."

Athieno, nilikuwa nimeshika kifuniko cha sufuria yako mpya, na sikujua nikiweke wapi. Miaka kumi na sita nilidhani mama yako anaogopa mila. Kumbe alikuwa anaogopa kimya changu. Alizaa watoto watatu baada yako, akiwa hana damu, midomo myeupe, kuku wanataga hatua tano kutoka kitandani kwake, na kilichomzuia ni mimi niliyesimama mlangoni Masafu na maneno kinywani.

Siku nne nimetembea na jambo hilo. Leo asubuhi ulipoondoka kwenda Kiyeyi nikaona ni leo au ulichukue kosa langu uvuke nalo mpaka. Mchana tulikuwa watatu tu, nyanya yako kwenye kigoda chake, mama yako akichambua kunde, na mimi. Nikamwita nyanya yako mama, nikamwambia nina neno la zamani. Nikasimulia yote. Kikapu alichokuwa akituletea kwa miguu yake na mimi nikakiuza. Mkate. Nywele zako nilizozifurahia. Maneno ya mganga, mara mbili. Ua wa Masafu. Mama yako alianza kuinuka kwenda kuangalia moto, nikamwomba akae, akakaa.

Nilidhani nyanya yako atanilaani, au atasema mganga alikosea. Badala yake akasema:

"Kwa hiyo miaka yote hii umeniacha niseme?"

Hilo sikuwa nimelifikiria kabisa. Nilijua nimemwonea mama yako. Sikujua kwamba mama yangu mwenyewe nilimwacha amwonee mtu asiye na hatia, mbele ya watu, mwaka baada ya mwaka, akidhani anafundisha. Akachukua fimbo yake akatoka, na mama yako na mimi tukabaki tunasikiliza fimbo ikigonga kuelekea ghalani. Nikawaza amekwenda kwa ndugu zangu, na kesho wageni wa Barasa watakuta nyumba imevurugika.

Akarudi. Alikuwa ameshika upindo wa nguo, na ndani yake mayai mawili yenye manyoya bado. Ni yale ya yule kuku wake mwekundu, asiyeruhusu mtu kumsogelea. Hakumtazama mama yako, nadhani hakuweza. Akayaweka mbele yangu.

"Pika," akasema. "Si ndiyo kazi yako?"

Mwanangu, nimepika karamu za Wazungu arobaini kwa mkupuo bila kumwaga kitu. Leo yai la kwanza nililipasua likamwagika kwenye majivu. Nikabaki na moja. Nikalikaanga polepole kwa samli, nikaligeuza, nikaliweka kwenye sahani ya bati, nikampelekea mama yako kwa mikono miwili kama ninavyowapelekea wengine. Nyanya yako alikuwa ameketi palepale, safari hii hakugeuza uso. Mama yako alilitazama, akanitazama, akalikata kwa vidole akaweka mdomoni. Akatafuna kwa muda mrefu mpaka nikataka kumuuliza. Nilitaka kumwambia nisamehe, nikaanza, akanizuia kwa mkono maana alikuwa anatafuna.

Akameza. Akasema, "Chumvi imepungua."

Nyanya yako akaanza kucheka kwanza. Halafu mama yako. Mimi nilikuwa nalia, lakini waliponicheka nikacheka pia. Akalimaliza lote, akapangusa sahani kwa kidole.

Jua linashuka, na nasikia Okoth akiita kwamba umeonekana barabarani. Barua hii nitaificha ndani ya kikapu chako, uisome ukiwa kwako. Ukiulizwa na mtu yeyote wa ukoo wa Barasa habari ya utoto wako, sasa unajua la kusema, na useme jina langu. Na ukishika mimba, mama mkwe wako akikuambia lile la mayai, usigombane naye. Mwambie tu kwamba mama yako anakula.

Chini kabisa ya kikapu, ndani ya jani la mgomba, nimekuwekea mayai kumi ya kuchemsha. Saba nimeyachagua mimi, matatu kachagua mama yako. Chumvi nimeongeza.

Baba yako